Kupima Chumba Ugenini

Kodi ya chumba huhesabiwa kwa mwezi, lakini anachokinunua mpangaji hasa ni usiku. Mchana wengi wetu tuko kazini, sokoni au njiani, na chumba ni mahali pa kuwekea godoro na sanduku. Usiku ndipo kinapokuwa nyumba. Mtu hufunga mlango, huzima taa, na kulala akiamini kwamba ataamka salama na kukuta vitu vyake pale alipoviacha. Mwenyeji hufanya hivyo bila kufikiri, kwa sababu upande wa pili wa ukuta wake kuna ndugu. Mgeni hana ukuta wa namna hiyo. Ana mlango, ana kitasa, na ana majirani ambao jana hakuyajua majina yao.

Nimekuwa mgeni wa aina hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini. Nilizaliwa katika milima ya Upare, nikapangiwa kazi ya ualimu mkoani Shinyanga, na tangu hapo nimehamishwa kutoka kituo hadi kituo: Shinyanga mjini, kisha Kahama, na mwisho upande wa Geita, jirani na Katoro. Nyumba za walimu hazikuwahi kututosha, kwa hiyo kila uhamisho ulianza na kazi ileile ya kutafuta chumba cha bei nafuu katika mji nisioujua. Hesabu yangu imefika vyumba saba. Baadhi vilikuwa vibaya kwa macho lakini vilikuwa vyema kwa usingizi. Vingine vilikuwa kinyume chake. Kutokana na vyumba hivyo nimepata mawazo machache juu ya namna ya kupima usalama wa mahali pa kulala, na ningependa kumshirikisha msomaji, hasa kijana ambaye wiki ijayo atashuka kwenye basi akiwa na begi moja na namba ya simu ya dalali.

Kwanza hapana budi kuielewa miji yenyewe. Ukanda huu umezoea wageni kwa muda mrefu. Almasi ya Mwadui iligunduliwa na John Williamson mwaka 1940. Mgodi wa zamani wa dhahabu wa Geita ulianza kazi katika miaka ya 1930 na kufungwa mwaka 1966. Mgodi mpya ukaanza uzalishaji mwaka 2000. Bulyanhulu ilijaa wachimbaji wadogo hadi walipoondolewa mwaka 1996, na mgodi mkubwa ukaanza kutoa dhahabu hapo mwaka 2001. Buzwagi, ambayo iko mlangoni kabisa mwa mji wa Kahama, ilianza mwaka 2009 na uzalishaji wake ukakoma mwaka 2021. Katikati ya tarehe hizo zimo nyingine ambazo hakuna aliyeziandika: siku mchimbaji fulani alipopata mawe mazuri porini, na baada ya wiki moja pakawa na maturubai, baada ya mwezi mabanda ya mabati, na baada ya mwaka nyumba za vyumba kumi za kupangisha, kila kimoja na kufuli yake.

Miji ya namna hiyo hujengwa haraka, na watu wanaotarajia kuondoka. Mchimbaji hupanga chumba mpaka duara lake litakapokubali au litakapokataa. Mfanyabiashara hupanga mpaka wateja watakapohamia kwenye machimbo mapya. Mwenye nyumba naye mara nyingi ametoka mbali, na huenda anaishi mji mwingine kabisa. Kwetu Upareni, usalama wa nyumba umerithiwa. Mtu anayepita usiku hutambuliwa kwa kikohozi chake. Hapa haurithiwi. Hujengwa upya kila mpangaji anapoingia, na hubomoka kidogo kila mpangaji anapohama.

Sasa tuje kwenye bei. Rahisi ni ghali, husema wenye fedha. Sisi wengine hatuchagui kati ya rahisi na ghali. Tunachagua kati ya rahisi na rahisi. Kwa hiyo swali la maana kwetu ni hili: bei hii imepunguzwa kwa kuondoa nini? Chumba huweza kuwa rahisi kwa sababu kimepungukiwa na raha: bomba liko mtaa wa pili, choo ni cha shimo na cha wote, sakafu ina nyufa, ukuta haujapigwa lipu, barabara ni ya vumbi. Chumba kingine ni rahisi kwa sababu kimepungukiwa na usalama: aliyehama ameibiwa mara mbili, nyuma yake kuna baa inayokesha, au warithi wa nyumba wanagombana na kila mmoja anadai kodi ni yake. Kupungukiwa raha huvumilika, na mtu huzoea. Kupungukiwa usalama hakuzoeleki, hata kama mtu atajidanganya kwamba amezoea.

Mwaka 2009, nilipohamia Kahama, dalali alinionyesha vyumba viwili siku moja. Cha kwanza kilikuwa cha shilingi 25,000 kwa mwezi, ndani ya uzio mrefu wenye vipande vya chupa juu yake na geti la chuma. Cha pili kilikuwa cha shilingi 15,000, katika nyumba ya vyumba sita vinavyotazamana, bila uzio wowote. Dalali, ambaye ujira wake ni kodi ya mwezi mmoja, alilisifu sana lile geti. Nilimwomba tukae kidogo pale getini. Tulikaa karibu nusu saa. Waliingia watu wanne na kutoka watu watatu, na hakuna aliyemsalimu mwenzake. Geti lenyewe halikuwa na wa kulifunga, kwa kuwa kila mpangaji alidhani ni kazi ya mwingine. Uzio ule mrefu ulimficha mpangaji asiwaone wapita njia, lakini pia ungemficha mwizi asionwe na mtu yeyote akishaingia ndani.

Kule kwenye chumba cha pili tulimkuta mama mwenye nyumba akikaanga maandazi barazani. Kabla dalali hajafungua mdomo, aliniuliza natoka wapi, nafanya kazi gani, nina watoto wangapi, na kwa nini sikuja nao. Dalali aliona haya kwa niaba yangu. Mimi nilifurahi. Mtu anayemhoji mgeni namna ile kabla ya kumpa kiti atamhoji vilevile kila mgeni atakayekanyaga uani pake. Nilichukua chumba hicho. Shilingi 10,000 nilizookoa zilikuwa zimeondoa bomba na choo kizuri. Hazikuwa zimegusa usingizi wangu.

Hii haina maana kwamba mlango na kuta ni mambo ya kupuuza. Kabla ya kulipa, chumba chenyewe hakina budi kukaguliwa, na ukaguzi huo hauhitaji utaalamu. Tazama bawaba: zikiwa upande wa nje, anayetaka kuingia ana njia ya kuung'oa mlango bila kukigusa kitasa. Sukuma fremu kwa bega. Mlango wa mbao ngumu kwenye fremu inayocheza ni sawa na mlango wa karatasi. Uliza kitasa kilibadilishwa lini, kwa maana kila mpangaji aliyetangulia huenda ameondoka na ufunguo. Kitasa kipya ni gharama ndogo kuliko kitu chochote kitakachoibiwa. Ongeza komeo la ndani, kwa sababu kitasa hulinda vitu ukiwa haupo, na komeo hukulinda wewe ukiwapo.

Halafu inua macho. Nyumba nyingi za kupanga katika miji yetu hazina dari, na fundi, kwa kubana matumizi, huziachia kuta za katikati kabla hazijafika kwenye bati. Katika nyumba kama hiyo vyumba vyote ni chumba kimoja kwa mtu anayejua kupanda. Anaweza kupanga chumba cha mwisho kwa mwezi mmoja, akavitembelea vingine vyote kwa kupitia juu ya kuta bila kuvunja mlango wowote. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Ukiona ukuta haujafika juu, mwombe mwenye nyumba aumalizie kabla hujahamia, kwani ukishalipa hamu yake ya kujenga itapungua.

Kisha papasa ukuta wa nje. Tofali za kuchoma ni imara, lakini zikiunganishwa kwa udongo badala ya saruji, maji ya ndoo moja na subira ya saa moja vinatosha kutoboa tundu la kupita mtu. Dirishani, angalia nafasi kati ya nondo na nondo. Mwizi wa dirishani haingizi mwili wake. Huingiza mti mrefu wenye ndoano, na kuvua suruali, mkoba na simu kama mvuvi wa Ziwa Viktoria anavyovua sangara. Kitanda na meza viwe mbali na dirisha, na neti ya mbu isikufanye uone kwamba umefunga.

Nondo hizohizo zina upande wa pili ambao watu hawapendi kuufikiria. Chumba chenye mlango mmoja na dirisha lenye nondo zisizofunguka kinamzuia mwizi asiingie, na kinamzuia mwenyewe asitoke siku ya moto. Ufunguo wa mlango usiokotwe gizani. Uwe na mahali pake pamoja usiku wote. Na jiko la mkaa lisilale ndani, hata katika baridi ya mwezi wa saba, kwa sababu mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu ambayo humlaza mtu asiamke tena. Tunamwogopa mwizi kwa sababu ana sura. Mkaa hauna sura, wala haupigi hodi.

Katika ukanda wa dhahabu kuna hatari nyingine ya jamii hiyo, ambayo mgeni hawezi kuijua asipoambiwa. Wachimbaji wadogo hukamatia dhahabu kwa zebaki. Mchanga uliosagwa kwenye makarasha huoshwa, zebaki huunganika na dhahabu kuwa donge, na donge hilo huchomwa ili zebaki ipae na dhahabu ibaki. Mvuke unaopaa hauonekani, lakini hudhuru ubongo, mishipa ya fahamu na figo, na huwadhuru zaidi watoto wadogo na mimba. Mkataba wa kimataifa wa Minamata wa mwaka 2013, uliopewa jina la mji wa Kijapani ulioumizwa na sumu hiyo, unataja uchomaji wa donge hilo katika makazi ya watu miongoni mwa mambo ya kukomeshwa. Hata hivyo wapo wanaolichoma uani, kwenye jiko la mkaa lilelile la kupikia ugali. Nilipokuwa Katoro nilijifunza kumuuliza mwenye nyumba wazi: Je, kuna anayechomea dhahabu hapa? Wapo walioudhika. Mmoja alinijibu kwa fahari kwamba wapo watatu, akidhani natafuta pa kuuza.

Uliza pia ardhi iliyo nyuma ya nyumba ilikuwa nini. Machimbo yanayohama huacha maduara, na si yote yanayofukiwa vizuri. Njia ya mkato ambayo mchana inaonekana kama kichaka cha kawaida, usiku wa masika inaweza kuwa mdomo wa shimo.

Lakini jambo ambalo lilinifunza kuliko ukaguzi wote huo nililipata kwa mwenzangu wa kazi, mwalimu kijana aliyepangiwa shule yetu kutoka chuoni. Aliniomba nimsindikize kutazama chumba. Mimi nilitazama bawaba, kitasa na bati. Yeye hakutazama hata kimoja. Alisimama mlangoni, akahesabu hatua kutoka pale hadi chooni. Zilikuwa thelathini na mbili. Kisha akamuuliza mwenye nyumba, "Shikamoo baba. Taa ya uani iko kwenye LUKU ya nani?"

Yule mzee hakuelewa. "Marahaba. Kwani taa ina nini, binti?"

"Nauliza nani anaiwasha, na umeme ukiisha nani ananunua."

Ikabainika kwamba taa ile ilikuwa kwenye mita ya mpangaji mmoja wa kiume, ambaye huizima akienda kulala saa tatu. Mwalimu alishukuru, akaaga, na tulipofika barabarani akaniambia, "Kaka, mlango wa chumba nitaufunga mwenyewe. Hatua thelathini na mbili sina wa kuzifunga."

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza kama mtaa fulani ni salama, nami humuuliza: kwa nani? Njia niliyokuwa naipita saa nne usiku nikipiga mluzi, dada yangu asingeipita saa moja. Na wapo ambao swali hilo kwao ni la uhai wenyewe. Tangu mwaka 2007 hivi Kanda ya Ziwa ilitikiswa na mauaji ya watu wenye ualbino. Shinyanga, kituo cha Buhangija kiligeuka kimbilio la watoto waliokimbizwa kutoka makwao, na mwezi Januari 2015 serikali ilitangaza kuwapiga marufuku waganga wapiga ramli. Kabla ya hapo, na hata baadaye, wapo bibi wazee wa Usukumani waliouawa kwa kutuhumiwa uchawi, na wekundu wa macho ulioletwa na moshi wa jikoni ukatajwa kuwa ushahidi. Watu hao hawakuuawa kwa sababu walikuwa na vitasa dhaifu. Waliuawa mahali ambapo majirani waliamini uongo, au walijua na wakanyamaza.

Hapo ndipo linapolala jambo zima. Mlango, hata uwe wa mninga, kazi yake ni kumchelewesha mwizi kwa dakika chache. Swali ni nani atakuja katika dakika hizo. Wasukuma walilielewa hili kabla mimi sijazaliwa. Kelele ya kuomba msaada wao huiita mwano, na anayeusikia hana hiari ya kujifanya amelala. Asiyetoka hutakiwa kujieleza kwa wenzake. Juu ya msingi huo, mwanzoni mwa miaka ya 1980, pande hizihizi za Kahama, Shinyanga na Nzega, palizuka sungusungu, walinzi wa jadi waliochukua jina la sisimizi weusi wanaouma, kupambana na wezi wa ng'ombe na majambazi wenye silaha. Wenyewe walijiita pia Basalama, watu wa salama. Mwaka 1989 Bunge liliwaingiza katika sheria kwa kurekebisha sheria za mgambo. Mwandishi mmoja wa Marekani, Jane Jacobs, alikuwa ameandika jambo la jamii hiyo kuhusu miji mikubwa ya kwao katika kitabu chake cha mwaka 1961: kwamba amani ya mtaa hailindwi kwanza na polisi, ila na macho ya watu wa kawaida, wenye maduka na wakaaji wa barazani, ambao wanauona mtaa kuwa ni wao. Bila shaka hakumjua mama wa maandazi wa Kahama, lakini angemtambua mara moja.

Hata hivyo ulinzi wa watu una makali pande zote mbili. Sungusungu walirudisha ng'ombe wengi. Pia waliwapiga na kuwafukuza watu kwa tuhuma tupu, za uchawi zikiwamo. Na hadi leo, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu huandika katika taarifa zake juu ya watu wanaouawa na wale tunaowaita wananchi wenye hasira. Neno "mwizi" likitamkwa kwa sauti usiku, halirudi mdomoni.

Usiku mmoja nikiwa katika chumba kile cha shilingi 15,000, yapata saa nane, neno hilo lilitamkwa nyuma ya nyumba yetu. Milango sita ilifunguliwa karibu kwa pamoja. Mama mwenye nyumba alitoka na tochi akituita mmoja mmoja kwa majina, na kila aliyeitika alisogezwa upande wake. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima. Nyuma ya jiko tulimkuta kijana amebanwa ukutani na watu wa nyumba ya jirani waliokwisha kufika, begi limeanguka miguuni pake, damu inamtoka puani. Alisema kwamba yeye ni mpangaji wa hapo nyumba ya pili, kwamba ameshuka kwenye lori kutoka Kakola, kwamba giza limempoteza. Hakuna aliyemjua. Wapangaji wa nyumba ya pili walimmulika usoni, wakasema hawajapata kumwona. Mwenye nyumba yao anaishi Mwanza. Mmoja akauliza kwa sauti kama kuna mwenye tairi.

Yule mama alipenya katikati. Hakupaza sauti. Aliushika mkono wa kijana, akaufungua vidole, na ndani yake mlikuwa na ufunguo.

"Wanangu," alisema, "mwizi hutembea na nondo. Huyu ana ufunguo. Twendeni tukaujaribu."

Tukaenda wote, watu ishirini au zaidi, hatua chache zile hadi nyumba ya pili, kijana akiwa katikati. Ufunguo ulikataa mlango wa kwanza. Ulikataa wa pili. Nilisikia watu wakianza kunong'ona. Mlango wa tatu ulifunguka. Ndani mlikuwa na godoro jipya ambalo bado lilikuwa katika nailoni yake, na ndoo. Dalali alikuwa amemleta siku mbili kabla, mchana, wakati kila mtu yuko kazini; alikuwa amelipa, akaweka godoro, na kuondoka alfajiri kwenda machimboni. Alikuwa mpangaji halali wa nyumba ile kwa siku mbili, na alikuwa karibu kufa hatua kumi kutoka mlangoni pake kwa sababu hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa ameambiwa kwamba yupo.

Watu walitawanyika bila kuagana. Kijana hakuingia ndani. Alikaa kizingitini hadi kulipokucha. Asubuhi yule mama alimpelekea chai na maandazi, kisha akamshika mkono na kumzungusha mlango kwa mlango, nyumba yetu na yao, akisema maneno yaleyale kila mahali: "Mwangaluka. Huyu ni mtoto wa chumba cha tatu. Mtazameni vizuri."

Nimelifikiria tukio hilo mara nyingi. Sisi wapangaji tunapozungumza juu ya usalama tunajihesabu upande mmoja tu, upande wa wanaoweza kuibiwa. Tunasahau kwamba kwa macho ya mtaa sisi ndio wageni, na mgeni ni mtu wa kupimwa. Wakati mimi napapasa ukuta na kuhesabu nondo, dirisha la jirani lina macho yanayonipima mimi: huyu ni nani, anatoka saa ngapi, anakuja na nani? Macho hayo huudhi. Kijana aliyetoka kwao kwa ajili ya kupata uhuru hapendi kuulizwa anakula nini. Lakini macho yanayokuuliza mchana ndiyo yatakayokutambua usiku, na huwezi kuyapata haya bila kuyavumilia yale. Chumba ambacho hakuna anayekujali wala kukuuliza ni cha raha mpaka siku utakapopiga kelele.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, nenda ukakitazame chumba mchana kwa ajili ya kuta, na urudi saa tatu usiku kwa ajili ya watu. Tembea kwa miguu kutoka stendi hadi mlangoni, kwa njia utakayoitumia ukichelewa. Jirani mwenye genge au kibanda hapo nje muulize aliyehama alihamia wapi na kwa nini. Dalali hatakuambia, naye mwenye genge hana cha kupoteza. Dai mkataba wa maandishi, hata wa ukurasa mmoja, na risiti ya miezi yako sita, ili ujue kwamba unayemlipa ndiye mwenye nyumba. Ukikuta mahali ambapo wapangaji wanaitana kwa majina na mtoto akilia anabebwa na yeyote aliye karibu, usikikatae chumba kwa sababu ya nyufa za sakafu.

Ukishalipa, usilale usiku wa kwanza kabla hujajulikana. Beba kitambulisho chako ukajiandikishe kwa mwenyekiti wa mtaa. Piga hodi kila mlango wa nyumba hiyo, na milango miwili mitatu ya nyumba za jirani. Sema jina lako, kazi yako, na saa unazorudi. Ikiwa utasafiri, aga. Ikiwa utarudi usiku, piga simu. Na jioni mpangaji mwingine atakapoletwa na dalali wake, ameshika godoro lililofungwa nailoni, usimwache aingie kimya. Toka nje, umpokee mzigo, umuulize jina lake, na ulitamke kwa sauti mbele ya wengine.